Kikapu Marekani: Vyuo vidogo vyalea, vikubwa vyavuna

MFANYABIASHARA anayefungua duka, akalijaza bidhaa na kulitafutia wateja, kisha siku mauzo yanapopanda meneja na wauzaji wake wote wakahamia duka la jirani, hawezi kuitwa mfanyabiashara aliyefanikiwa. Huyo atakuwa amemfundishia jirani watumishi kwa gharama zake mwenyewe.

Hiyo ndiyo biashara inayofanywa na vyuo vidogo vya Marekani katika mpira wa kikapu. Vinatafuta vijana ambao wakubwa hawakuwaona, vinawalea, vinawapa kocha mwenye njaa ya mafanikio, na siku timu inapong'ara, kocha anaondoka na wachezaji wanaondoka. Chuo kinabaki na picha ukutani na bili mezani.

Ni wakati vyuo hivyo vikaacha kuhesabu ushindi wa mwezi Machi kama mapato. Ushindi ni heshima, lakini heshima haiingii kwenye daftari la fedha mpaka pawepo mkataba unaoigeuza kuwa fedha.

Jambo hili linaweza kuonekana la mbali kwa msomaji anayefuatilia bei za mazao na hisa. Hata hivyo, hesabu za timu ndogo ya chuo ni somo kwa yeyote mwenye mtaji mdogo anayeshindana na wenye mitaji mikubwa. Aidha, tangu Hasheem Thabeet wa Tanzania alipotoka Chuo Kikuu cha Connecticut na kuchaguliwa wa pili katika usajili wa NBA mwaka 2009, wapo wazazi wengi wa Afrika Mashariki wanaoiona njia hiyo kama uwekezaji kwa watoto wao. Ni vizuri wakajua wanawekeza mahali pa namna gani.

Hesabu za Saint Peter's

Kila mwaka mwezi Machi timu 68 huingia katika mashindano ya taifa yanayoendeshwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo. Timu hugawanywa katika kanda nne, na katika kila kanda hupangwa kwa namba kufuatana na ubora. Namba 1 ndiyo inayotegemewa zaidi, namba 16 ndiyo dhaifu kuliko zote.

Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Saint Peter's, chuo kidogo cha Wajesuiti kilichopo Jersey City, ng'ambo ya mto Hudson kutoka New York, kiliingia kikiwa namba 15. Machi 17 kiliifunga Kentucky, moja ya timu tajiri kuliko zote, kwa pointi 85 kwa 79 katika muda wa nyongeza. Kikaifunga Murray State 70 kwa 60, na Purdue 67 kwa 64. Kilisimamishwa na North Carolina kwa 69 kwa 49 katika hatua ya timu nane bora. Hakuna timu ya namba 15 iliyokuwa imefika hapo kabla yake.

Sasa zitazamwe fedha. Katika mwaka wa michezo wa 2020/21, Saint Peter's ilitumia takriban dola milioni 1.6 kwa timu yake ya wanaume. Kentucky ilitumia takriban dola milioni 18.3. Kwa lugha ya dukani, kila dola 1 ya Saint Peter's ilishindana na dola 11 za mwenzake.

Kocha mkuu, Shaheen Holloway, alikuwa akilipwa takriban dola 266,000 kwa mwaka. Kocha wa Kentucky wakati huo, John Calipari, alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 8. Yaani mshahara wa mtu mmoja wa Kentucky ungeweza kuendesha timu nzima ya Saint Peter's, pamoja na kocha wake, nauli, hoteli na udhamini wa wachezaji, kwa miaka mitano.

Mchambuzi yeyote wa hesabu angesema Saint Peter's ilipata tija ya ajabu. Ni kweli. Lakini tija bila umiliki ni kazi ya kibarua.

Mechi ya mwisho ilichezwa Machi 27. Siku tatu baadaye, Machi 30, Holloway alitangazwa kuwa kocha wa Seton Hall, chuo alichokichezea kati ya 1996 na 2000, kilichopo jimbo hilohilo la New Jersey lakini chenye ligi kubwa na mfuko mnene zaidi. Hakufanya kosa lolote. Alipata kazi bora, akaichukua, kama ambavyo mtumishi yeyote hodari angefanya.

Wachezaji nao wakatawanyika. KC Ndefo, aliyekuwa beki bora wa ligi kwa miaka mitatu mfululizo, alimfuata kocha wake Seton Hall. Daryl Banks alikwenda St. Bonaventure. Doug Edert, kijana mwenye sharubu aliyefunga pointi 20 dhidi ya Kentucky na kupata mkataba wa matangazo na migahawa ya Buffalo Wild Wings, alikwenda Bryant. Matthew Lee alikwenda Missouri State, Clarence Rupert akaenda Southern Illinois, na mapacha wa Kimali, Hassan na Fousseyni Drame, wakahamia La Salle.

Kikosi kilichoitikisa Marekani mwezi Machi hakikuwepo tena ilipofika Novemba.

Fungu la miaka sita

Swali la kwanza la mfanyabiashara ni moja tu: basi angalau fedha ziliingia?

Ziliingia, lakini kwa mlango mwembamba. Televisheni za CBS na Turner zilisaini mwaka 2016 nyongeza ya mkataba wa kuonyesha mashindano hayo hadi 2032, kwa dola bilioni 8.8 kwa miaka minane. Sehemu ya fedha za televisheni hugawanywa kwa mafungu. Kila mechi ambayo timu inacheza katika mashindano, isipokuwa fainali, huipatia ligi yake fungu moja, na fungu moja lilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 2 zinazolipwa kidogo kidogo ndani ya miaka sita.

Neno la kuangaliwa hapo ni "ligi yake". Fedha haziendi kwa chuo kilichovuja jasho. Zinakwenda kwa ligi, na ligi ndiyo inayogawa kwa utaratibu wake.

Saint Peter's ilicheza mechi nne, hivyo ikaiingizia ligi yake, MAAC, mafungu manne, au takriban dola milioni 8. Ligi hiyo msimu ule ilikuwa na vyuo 11. Kama fedha zote hizo zingegawanywa sawa kwa sawa, kila chuo kingepata kama dola 727,000 kwa miaka yote sita, ambayo ni kama dola 121,000 kwa mwaka.

Kwa hesabu hiyo, mafanikio makubwa kuliko yote katika historia ya timu za namba 15 yangelipa chini ya nusu ya mshahara wa kocha aliyeyaleta, na chini ya senti nane katika kila dola ya bajeti ya timu. Na vyuo vingine kumi, ambavyo vilitazama mechi zile kwenye televisheni, vingepata kiasi hicho hicho.

Si hoja kwamba ligi zifutwe. Ushirika wa namna hiyo una faida zake, kwa sababu mwaka unaofuata huenda mwingine ndiye atakayeshinda. Lakini anayepanga bajeti akitegemea fungu la Machi anafanya kosa lile lile la mkulima anayekopa kwa kutegemea mvua ya mwaka mmoja.

Fedha hasa zinatoka wapi

Timu ndogo ina mifuko minne. Wa kwanza na mkubwa ni ruzuku ya chuo chenyewe, ambayo kwa vyuo vingi maana yake ni karo za wanafunzi. Wa pili ni wafadhili, hasa wahitimu wa zamani. Wa tatu ni mgawo wa ligi na NCAA. Wa nne ni mechi za kualikwa kwa malipo.

Huo wa nne unafaa kuelezwa. Mwanzoni mwa msimu, mwezi Novemba na Desemba, chuo kikubwa kinahitaji mgeni wa kumfunga mbele ya mashabiki wake. Hualika chuo kidogo na kukilipa, mara nyingi kati ya dola 80,000 na 100,000 kwa mechi moja, na wakati mwingine zaidi. Chuo kidogo kinasafiri, kinapigwa, kinachukua hundi na kurudi nyumbani. Kwa maneno mengine, kinauza kipigo.

Timu inayouza vipigo vitatu au vinne hupata fedha za kulipa wasaidizi wa kocha na nauli za msimu, lakini inaanza mechi za ligi yake ikiwa imechoka na rekodi imechafuka. Ni biashara halali, ila ina ukomo wake.

Upande wa matumizi kuna jambo moja ambalo wengi hawalitazami vizuri. Udhamini wa masomo huandikwa kwenye vitabu kwa karo kamili, kana kwamba chuo kimetoa fedha mfukoni. Ukweli ni kwamba kama darasa lina viti vitupu, kumkalisha mchezaji hakugharimu karo nzima. Lakini kama kiti kile kingekaliwa na mwanafunzi anayelipa, basi hasara ni ya kweli. Chuo chenye upungufu wa wanafunzi na chuo kilichojaa havipaswi kusoma hesabu moja kwa macho yale yale.

Kikosi chenye miguu

Katika mizania, ukumbi ni mali isiyohamishika. Saint Peter's ina ukumbi wake uliokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2021 kwa jina la Run Baby Run Arena, kwa kumbukumbu ya timu yake ya 1968 iliyoifunga Duke 100 kwa 71. Ukumbi ule utakuwepo kesho asubuhi. Wachezaji na makocha ni mali yenye miguu.

Zamani miguu hiyo ilifungwa. Mchezaji wa kikapu aliyehama chuo alilazimika kukaa nje msimu mzima. Utaratibu huo uliwaonea vijana, kwani kocha aliweza kuhama bila adhabu wakati mchezaji aliyeletwa na kocha huyo alibaki amefungwa. Mwaka 2021 NCAA iliruhusu uhamisho wa mara moja bila kukaa nje. Baada ya kushitakiwa mahakamani mwishoni mwa 2023, Aprili 2024 iliondoa kabisa ukomo wa idadi ya mara za kuhama kwa mchezaji anayefanya vizuri darasani.

Wakati huohuo, kuanzia Julai 1, 2021, wachezaji waliruhusiwa kupata fedha kwa kutumia majina na sura zao katika matangazo. Juni 6, 2025, Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya House, inayowalipa wachezaji wa zamani fidia ya takriban dola bilioni 2.8 na kuruhusu kila chuo kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa 2025/26, kwa michezo yote.

Zilinganishwe namba hizo. Chuo kikubwa kinaruhusiwa kulipa wachezaji tu, kwa mwaka mmoja, zaidi ya mara kumi na mbili ya kile ambacho Saint Peter's ilitumia kuendesha timu nzima mwaka 2020/21. Aidha, sehemu ya ile fidia inakatwa katika migawo ambayo NCAA huzipa ligi zote. Chuo kidogo kinachangia kulipa deni ambalo sehemu kubwa yake inatokana na biashara ya wakubwa.

Matokeo yameonekana. Saint Peter's ilijijenga upya chini ya Bashir Mason, aliyetoka Wagner. Lakini Jaylen Murray, mmoja wa waliobaki baada ya 2022, alihamia Ole Miss mwaka 2023. Machi 2024 timu ilishinda tena ubingwa wa MAAC kwa kuifunga Fairfield 68 kwa 63, ikaingia mashindano ya taifa na kufungwa na Tennessee 83 kwa 49. Baada ya hapo mfungaji wake bora, Corey Washington, akahamia Wichita State.

Na asidhani mtu kwamba wa kati wamesalimika. Seton Hall iliyomchukua Holloway ilimpoteza nyota wake Kadary Richmond kwa St. John's mwaka 2024, na msimu wa 2024/25 ikashinda mechi 7 na kufungwa 25. Dagaa analiwa na sangara, sangara naye ana wa kumla.

Benchi la ufundi

Kati ya mali zote zenye miguu, benchi la ufundi ndilo ambalo chuo kidogo kina nafasi ya kulishika, na ndilo ambalo wengi hulidharau.

Mfano wa Fairleigh Dickinson, pia wa New Jersey, unaeleza mengi. Msimu wa 2021/22 timu hiyo ilishinda mechi 4 tu na kufungwa 22. Chuo kikamwajiri Tobin Anderson kutoka St. Thomas Aquinas, chuo cha Daraja la Pili. Anderson hakuja peke yake. Alikuja na wachezaji wake, akina Demetre Roberts, Grant Singleton na Sean Moore, vijana ambao hakuna chuo kikubwa kilichowagombea.

Machi 17, 2023, timu hiyo ya namba 16 iliifunga Purdue, iliyokuwa namba 1, kwa 63 kwa 58. Ilikuwa mara ya pili tu katika mashindano ya wanaume namba 16 kuishinda namba 1. Siku chache baadaye Anderson alikuwa kocha wa Iona. Alikaa Fairleigh Dickinson msimu mmoja. Iona nayo ikamwachisha kazi Machi 2025, baada ya misimu miwili.

Kuna mafunzo mawili hapo. Kwanza, kocha aliyekuja na wachezaji mkobani ni mkombozi wa haraka, lakini mkoba ni wake. Pili, hata aliyemnunua hakununua uhakika. Soko la makocha hupandisha bei kwa mechi tatu za Machi, kama vile hisa inavyopanda kwa uvumi wa wiki moja.

Mfano wa upande wa pili ni Gonzaga, chuo cha Wajesuiti kilichopo Spokane, jimbo la Washington. Mwaka 1999 Gonzaga, isiyojulikana wakati huo, ilifika hatua ya nane bora na kufungwa na Connecticut 67 kwa 62. Kocha wake, Dan Monson, akachukuliwa na Minnesota mwaka huohuo. Hadi hapo hadithi ni ileile.

Tofauti ni kilichofuata. Gonzaga haikutafuta jina kubwa nje. Ilimpandisha msaidizi aliyekuwa pale miaka mingi, Mark Few, na hajaondoka. Tangu 1999 hawajakosa mashindano ya taifa hata mwaka mmoja, ukiondoa 2020 ambapo hayakufanyika. Mwaka 2004 walifungua ukumbi mpya wa viti 6,000. Walifika fainali mwaka 2017 na 2021.

Gonzaga haikumzuia Monson kuondoka. Ilihakikisha kwamba ujuzi wa kazi, yaani orodha ya vijana wa kuwafuatilia, uhusiano na makocha wa shule na namna ya kufundisha, ulikuwa mikononi mwa watu kadhaa na si mtu mmoja. Mkubwa alichukua kocha, hakuchukua kiwanda.

Ni kweli kwamba Gonzaga ilijengwa katika miaka ambayo mchezaji hakuhama kirahisi. Leo ingekuwa kazi ngumu zaidi. Lakini hiyo ni sababu ya kuimarisha benchi, si ya kuliacha. Kikosi kikiwa kinabadilika kila mwaka, anayejua kukijaza upya ndiye mtaji.

Waliofunga hesabu

Baadhi ya vyuo vimeshafanya hesabu na kuona hailipi.

Hartford, jimbo la Connecticut, kiliingia mashindano ya taifa kwa mara ya kwanza Machi 2021 na kufungwa na Baylor, waliotwaa ubingwa mwaka huo, kwa 79 kwa 55. Mwezi Mei mwaka huohuo bodi yake iliamua kushuka hadi Daraja la Tatu, ambako vyuo havitoi udhamini wa masomo kwa sababu ya michezo. Ripoti ya washauri waliokodiwa ilikadiria kwamba chuo kingeokoa zaidi ya dola milioni 9 kwa mwaka. Wahitimu na wachezaji walilalamika sana.

St. Francis cha Brooklyn, New York, kilichokuwa na timu ya kikapu tangu 1896, hakikushuka. Machi 2023 kilitangaza kufuta michezo yote, timu 21, mwishoni mwa muhula. Wachezaji walipata taarifa na kuanza kutafuta pa kwenda.

Saint Francis cha Loretto, Pennsylvania, kiliingia mashindano ya taifa Machi 2025 kwa mara ya kwanza tangu 1991, kikafungwa na Alabama State 70 kwa 68. Kocha Rob Krimmel, aliyekichezea chuo hicho na kukiongoza misimu 13, akastaafu. Wiki moja baada ya mechi ile chuo kikatangaza kushuka Daraja la Tatu kuanzia Julai 2026.

Vyuo viwili kati ya hivyo vitatu viliamua kushuka mara tu baada ya mafanikio. Hiyo inaonyesha kwamba tatizo halikuwa kufungwa. Tatizo ni kwamba hata ushindi ulikuwa na hasara ndani yake.

Wanaosema kushuka daraja ni aibu wanakosea. Katika Daraja la Tatu mchezaji hulipa karo kama wengine, au hupata msaada kwa sababu ya uhitaji na ufaulu. Hivyo timu inageuka kutoka kitengo cha matumizi na kuwa njia ya kuvutia wanafunzi wanaolipa. Kwa chuo kidogo chenye viti vitupu, hilo ni badiliko la mizania, siyo la heshima tu. Aibu ni ya aliyesubiri mpaka akalazimika kufunga kila kitu kwa mkupuo.

Hoja ya matangazo ya bure

Watetezi wa mfumo uliopo wana hoja moja nzito. Wanasema chuo kinachoonekana kwenye televisheni ya taifa hupata matangazo ambayo kisingeweza kuyanunua. Baada ya George Mason kufika nne bora mwaka 2006, wataalamu wa chuo hicho hicho walikadiria kwamba kilipata matangazo ya bure yenye thamani ya dola milioni 677.

Matangazo yana faida. Maombi ya wanafunzi huongezeka, fulana huuzwa, na mhitimu aliyesahau chuo chake hutuma hundi. Hakuna sababu ya kuyabeza.

Lakini makadirio ya namna hiyo hupima bei ambayo chuo kingelipa kama kingenunua muda wote ule hewani, jambo ambalo hakuna chuo kidogo kingelifanya. Tangazo lina thamani pale tu linapoleta mteja anayelipa na kubaki. Chuo kinachotaka kuhesabu faida hiyo kihesabu wanafunzi waliosajiliwa na karo walizolipa, si dakika za televisheni. Na kikumbuke kwamba kwa kila chuo kimoja kilichong'ara yapo makumi yaliyotumia fedha hizo hizo bila kuonekana na mtu.

La kufanya

Vyuo vidogo haviwezi kuzuia soko, na havipaswi kujaribu kuwafunga tena vijana. Yapo mambo manne ambayo yako ndani ya uwezo wao.

Kwanza, mkataba wa kocha uwe na fidia nzito ya kuuvunja katika miaka ya mwanzo, ipungue kadiri miaka inavyokwenda. Na fidia hiyo iwekwe kwenye mfuko wa timu, isimezwe na matumizi ya jumla ya chuo. Anayekuja kumchukua kocha baada ya mechi tatu za Machi alipie kazi iliyomtengeneza.

Pili, fedha za kwanza za nyongeza ziende kwa makocha wasaidizi. Msaidizi anayelipwa vizuri na kujua kwamba kiti cha mkuu ni chake hana haraka ya kuhama.

Tatu, pawepo fidia ya malezi. Katika soka, FIFA imekuwa na utaratibu huo tangu 2001. Klabu iliyomlea mchezaji hulipwa anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, na hadi asilimia 5 ya ada za uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Katika kikapu cha vyuo vya Marekani hakuna kitu kama hicho. Mahakama za huko zimekuwa zikizivunja kanuni zinazobana wachezaji, kwa hiyo njia salama ni makubaliano ya hiari kati ya vyuo, yasiyomgusa kijana. Mathimali chuo kikubwa kilichosajili wachezaji wawili kutoka chuo kidogo kikialike kwa mechi ya malipo msimu unaofuata. Kingepata mgeni kinayemhitaji, na mwenzake angepata hundi.

Nne, kila bodi ijiwekee kikomo cha ruzuku kwa kila mwanafunzi. Kikomo kikivukwa miaka miwili mfululizo, mjadala wa kushuka daraja uanze wakati bado kuna fedha za kuwalipa haki zao wachezaji na makocha waliopo. Mwenye duka anayefunga tawi kwa hiari yake huuza samani kwa bei nzuri. Anayefungiwa na wadai huziacha.

Kwa wazazi na wenye mitaji midogo

Mzazi wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura anayepelekewa habari kwamba mtoto wake mrefu amepata nafasi katika chuo kidogo Marekani asifurahie jina la kocha tu. Aulize maswali matatu. Udhamini ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote ya masomo? Kocha akiondoka, udhamini unabaki? Chuo chenyewe kina mpango wa kubaki katika daraja lake? Wachezaji wa Brooklyn walisaini kwa nia njema, na mwaka 2023 timu haikuwepo.

Ajue pia kwamba fedha za matangazo zinazosemwa sana si rahisi kwa mgeni. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo amebanwa na sheria za Marekani kuhusu kazi za malipo. Hivyo kwa kijana wa Kiafrika faida ya uhakika bado ni ile ya zamani: shahada. Chuo kichaguliwe kwa shahada hiyo kwanza.

Kwa mwenye mtaji mdogo, somo ni pana zaidi. Kampuni changa inapotangaza mwaka mmoja wa faida kubwa, mnunuzi wa hisa aangalie faida ile ilitoka kwa nani na kama mtu huyo amefungwa kwa mkataba. Aangalie nani yuko nyuma yake. Aangalie kama kuna mali itakayobaki mtu huyo akiondoka.

Saint Peter's ilithibitisha mwaka 2022 kwamba mdogo anaweza kumshinda mkubwa uwanjani. Hilo halina ubishi tena. Kinachobaki kwa wadogo wote ni kwenda kwenye meza ya mikataba na kudai chao kabla ya mpira kurushwa, kwa sababu baada ya ushindi hakuna atakayekuwa na haraka ya kuwalipa.